Kuinuka Bila Kushika Chini

Kamba ile ya katani kule chooni aliifunga Shomari mwenyewe, kwenye msumari uliokuwa juu ya shimo, na nyumba nzima ikamcheka. Wapangaji wa Mtaa wa Mkunguni hawana haya. Ukijikuna tu, uani wanajua. "Mzee Shomari siku hizi anapanda meli chooni," walisema, "lazima ashike kamba asizame." Naye alicheka nao, maana angesema nini? Aseme kwamba mtu aliyebeba mgongoni unga wa kulisha nusu ya mji huu hawezi tena kuchuchumaa na kuinuka kama mtoto anayejifunza kutembea? Alicheka, akapita na kopo lake la maji, akafunga mlango wa bati, akaikamata kamba kwa mikono miwili na kuuma meno.

Asubuhi ile alitoka huko jasho likimtiririka, na jua lenyewe lilikuwa bado halijachomoza. Mkewe, Mboni, alikuwa amekaa uani kwenye kibao kifupi mbele ya jiko la mkaa, anakaanga vitumbua vya unga wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, kwa sababu mchele siku hizo ulisomwa kwenye gazeti tu. Alikuwa mwanamke mnene, na magoti yake nayo yalikuwa na maneno. Miaka mingi ya kukalia mbuzi ya nazi na kuinamia beseni la nguo haikumwacha salama.

"Njoo hapa nikukande," alisema. Majani ya mnyonyo alikwisha kuyapasha moto juu ya kifuniko cha sufuria.

Shomari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha mguu. Goti la kulia lilikuwa limevimba na kung'aa kama boga. La kushoto halikuvimba, ila lilipinda kwa nje, na kila alipolikunja lililia kama mtu anayetafuna mchanga.

"Leo si ndiyo siku ya hao madaktari?" Mboni aliuliza, akilibandika jani. "Wanaopima magoti?"

"Ndiyo leo."

"Basi waambie, Baba Sophia."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba linauma! Kwamba hulali. Kwamba hata msikitini huendi tena kwa sababu ukisujudu huinuki, na watu wanasema umeacha dini. Waambie."

Shomari alicheka kwa puani. "Mama Sophia, lini uliwaona wakubwa wanamfuata kabwela alipo kwenda kumtibu bila kuitwa? Wakikufuata ujue kuna wanachokitaka. Nyapara wetu Rajabu ametuambia jana, tena kwa siri, kama ndugu. Hao wamekuja kuchambua. Mzima abaki, mbovu aende. Atakayechechemea ananyang'anywa kitambulisho, na siku hiyohiyo karandinga linamsubiri."

Mboni aliacha kukanda. Karandinga lilikuwa jina ambalo mtu halitaji kabla ya kunywa chai. Ulikuwa mwaka wa nguvu kazi. Magari ya polisi yalizunguka Kariakoo na Magomeni yakizoa watu wasio na kitambulisho cha kazi. Waliitwa wazururaji, wakapelekwa mashambani kujenga taifa. Kaka yake Mboni, Bakili, alichukuliwa Feri, beseni la samaki likiwa bado kichwani. Beseni lilianguka, samaki wakaokotwa na watu, na Bakili hajulikani mpaka leo yuko shamba lipi.

"Bakili hakuwa na kitambulisho," alisema taratibu. "Wewe unacho."

"Kitambulisho ni cha ghala. Ghala likikitaka, unakirudisha."

"Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Sema methali, mke wangu. Methali hazibebi gunia."

Aliinuka kwa kuushika ukuta. Mboni alinyoosha mkono akachukua mchi wa kinu uliokuwa umeegemezwa mlangoni, akampa. "Basi egemea huu hata mpaka kona."

"Kuli mwenye mkongojo umemwona wapi?" Akameza aspirini mbili bila maji, akaondoka akitembea wima, kama mtu aliyefungwa mbao kwenye mapaja. Alipokwisha kuipita kona, mahali Mboni asipomwona, alisimama akaushika ukuta wa duka la Mhindi mpaka pumzi ikarudi.

Ghala lilikuwa upande wa Gerezani, karibu na reli, na lilikuwa mali ya shirika la umma. Jina la shirika halina haja. Mashirika siku hizo yalikuwa mengi na yalifanana kama watoto wa baba mmoja. Yote yalikuwa yetu sisi wananchi, na wananchi hatukuwa na ruhusa ya kuvuka geti.

Makuli wa pale waliitwa vibarua wa kudumu. Mwenye akili zake atauliza mtu anakuwaje kibarua na akawa wa kudumu, lakini waliolibuni jina hilo walikuwa wamesoma. Maana yake ilikuwa hivi: kila asubuhi makuli walichuchumaa mstari mmoja mbele ya mlango wa ghala, na nyapara Rajabu akapita mbele yao akitaja majina. Ukitajwa unainuka, unaingia, siku yako inahesabiwa. Usipotajwa unarudi nyumbani.

Na kuinuka kwenyewe kulikuwa na adabu yake. Unainuka bila kushika chini, bila kushika goti, bila kumshika mwenzio. Desturi hiyo haikuandikwa popote, na hakuna aliyekumbuka nani aliianza, lakini kila kuli aliijua kuliko shahada. Aliyeweka kiganja chini Rajabu alimwambia, "Kaa hapohapo. Unatafuta nini, sarafu?" Wenzake wakacheka, naye akabaki. Kuli wa leo akiangalia chini anaona vumbi tu, lakini vumbi lile lilikuwa na alama za viganja vya watu wengi waliokwisha kazi.

Shomari alikuwa na ujanja wake. Alichuchumaa mwisho wa mstari, mgongo kwenye ukuta, na akitajwa aliusugua mgongo juu taratibu mpaka akasimama. Mashati yake yote yalitoboka mahali pamoja.

Siku ile Rajabu hakutaja majina kwanza. Alisimama mbele yao, kijiti cha meno mdomoni. "Sikilizeni. Wageni wamefika. Mimi sisemi kitu, nyinyi ni watu wazima. Anayetaka kwenda kulima korosho aseme goti linamuuma. Anayetaka kubaki mjini na mke wake, goti haliumi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!"

"Mimi langu haliumi tangu nizaliwe," alisema Sadalla, rafiki yake Shomari, ambaye goti lake lilikwisha kuchanjwa na waganga mpaka likafanana na ngozi ya kenge. "Hata hilo neno goti silijui. Ni kitu cha kula?"

Watu walicheka. Dirishani juu, meneja wa ghala, Ndugu Kasmir, naye alicheka. Alikuwa na tumbo lililotangulia kufika ofisini, yeye akalifuata. Azimio lilikataza viongozi kujilimbikizia mali. Yeye alijilimbikizia kiunoni. Alishika kingo za dirisha kwa mikono yote miwili, na hakuna kuli aliyejiuliza kwa nini.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, jina lake Celina, amefuatana na msaidizi mmoja na mizani. Walipewa chumba cha kupimia mizigo, meza moja, mlango ukaachwa wazi, na mlangoni akaegemea Rajabu.

"Shikamoo, mzee," Daktari Celina alisema Shomari alipoingia.

Shomari alishtuka. Ndani ya geti lile hakuna aliyewahi kumwamkia. "Marahaba, mwanangu. Daktari."

"Umebeba mizigo miaka mingapi?"

"Tangu ujana. Kabla ya Uhuru nilikuwa bandarini."

"Gunia moja kilo ngapi?"

"Tisini. Likinyeshewa na mvua zaidi."

"Mnapanda nalo?"

"Kwenye ubao. Mpaka juu ya rundo, karibu na bati."

Daktari alitikisa kichwa. Akapiga goti moja mbele yake, mtu aliyesoma, akaweka kiganja juu ya goti la kulia na kumwambia akunje, anyooshe. Likalia. Mpaka msaidizi kule kwenye mizani aligeuka.

"Mzee, goti hili linalia kama mlango wa zamani."

"Mafuta, daktari. Mafuta ya taa yenyewe hayapatikani, sembuse ya goti."

Makuli waliokuwa dirishani waliangua kicheko. Daktari naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Asubuhi ukiamka, magoti hayakakamai?"

"Hata."

"Ukipanda ngazi?"

"Napaa kama kunguru."

"Usiku unalala?"

"Mke wangu analalamika nakoroma."

Daktari alishusha sauti. "Mzee, nikueleze. Katikati ya mifupa ya goti kuna kitu laini, kama soli ya kandambili. Ukivaa kandambili kila siku, kisigino kinaisha, mwisho unakanyaga chini. Mzigo mzito unaimaliza mapema. Ikishaisha hairudi. Lakini mtu akipunguziwa mzigo, akipewa kazi ya kukaa, akatembelea fimbo, akafanya mazoezi ya mapaja, maumivu yanapungua na anaishi. Nikijua ukweli naweza kusema mahali. Linauma?"

Neno lilifika kooni kwa Shomari. Lilikuwa pale, tayari, limevaa na viatu. Akamtazama binti yule aliyemwamkia. Halafu akatazama mlangoni. Rajabu alikuwa ametoa kijiti mdomoni, anakikagua ncha.

"Haliumi," alisema.

"Basi chuchumaa, halafu inuka."

Katika vipimo vyote vya dunia, wakamletea kile! Shomari alichuchumaa katikati ya chumba, mbali na ukuta wowote. Sadalla huko nje akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kupandisha gunia, "Haya mama, haya, mtoto hajala," na wengine wakaitikia, wakimsukuma kwa wimbo maana kwa mikono wasingeweza. Kitu kilichanika ndani ya goti la kulia; alikisikia kama kitambaa. Macho yakaingia giza. Lakini aliinuka, bila kushika chini, bila kushika goti, akasimama wima na kutabasamu meno yote.

Dirishani walimpigia makofi. Walikuwa wanapigia makofi kaburi lao, masikini, wala hawakujua. Mmoja baada ya mwingine wakaingia, wakachuchumaa, wakainuka. Ghala zima halikuwa na mgonjwa.

Shomari alikuwa bado ameegemea nje ya mlango, anasubiri mguu ukubali kukanyaga, aliposikia vishindo. Ndugu Kasmir aliingia akipumua, akasukuma viti, akakalia meza iliyolia chini yake. "Binti, acha hao, hao ni punda, hawaumwi. Mgonjwa wa hapa ni mimi. Tazama goti hili. Siwezi kushuka ngazi."

Daktari alimpima. "Ndugu Meneja, ni ugonjwa uleule ninaoutafuta. Kwako dawa ya kwanza ni kupunguza uzito. Pombe, nyama ya mbavu—"

"Sikukuita uzungumze habari za chakula," alisema Kasmir. "Andika rufaa ya nje. Hapa hata filamu ya picha za mifupa hamna."

Hilo la filamu lilikuwa kweli. Fedha za kigeni hazikuwapo, tuliambiwa hivyo kila siku redioni.

Mkutano uliitishwa baada ya majuma kadhaa, ndani ya ghala. Wakubwa walikaa kwenye viti, makuli wakakaa chini kwenye sakafu ya saruji. Shomari alikuwa ameendelea kutajwa asubuhi kwa msaada wa ukuta wake, ila goti la kulia sasa lilikuwa linakwama njiani na mara mbili gunia lilimponyoka kwenye ubao. Siku hiyo alichelewa, akakosa nafasi ya ukutani, akakaa katikati ya watu.

Daktari Celina hakuwapo. Alikuja afisa mmoja aliyevaa suti ya mikono mifupi, akasimama, akasafisha koo.

"Ndugu wafanyakazi. Wizara ilipata malalamiko kwamba kazi hii inaharibu magoti. Ikaamua kuchunguza. Kama ingeonekana ni kweli, mpango ulikuwa gunia lishushwe mpaka kilo hamsini, ghala linunue matoroli, na wazee wapewe kazi nyepesi, ulinzi, kushona magunia, kwa malipo yaleyale."

Njiwa alitembea juu ya bati, kucha zake zikasikika.

"Nafurahi kuwaambia," afisa aliendelea, na kweli alifurahi, "kwamba magoti yenu ni mazima. Hakuna aliyelalamika hata mmoja. Hii ndiyo afya ya mfanyakazi wa nchi ya kijamaa. Kwa hiyo hakuna haja ya kubadili kitu. Katika ghala zima limepatikana goti moja tu bovu, la Ndugu Meneja, na serikali itampeleka nje kwa matibabu. Tumwombee."

Rajabu alianza kupiga makofi. Na makuli, Mungu atusamehe, wakapiga.

Shomari hakupiga. Akainua mkono. "Ndugu Mwenyekiti!" aliita.

Kasmir alimtafuta kwa macho. "Nani huyo? Anayesema asimame. Huu ni mkutano, si kilabu cha pombe."

Asimame. Shomari alikunja mguu, ukakataa. Akakunja wa pili. Sadalla, aliyekaa kando yake, alimng'ata sikio: "Usiweke mkono chini. Bwana we, Rajabu anakutazama. Kaa kimya."

Aliweka mkono chini. Halafu akaweka wa pili. Akageuka akawa miguu minne kama mbuzi, akatanguliza makalio juu, akapanda goti lake mwenyewe kwa viganja, hatua kwa hatua, na ghala zima likimtazama. Kicheko kilianza nyuma, kikaja mpaka mbele.

"Nimesimama," alisema, akihema. "Ndugu zangu, tulidanganya. Magoti yetu yamekwisha, yote. Tuliambiwa tukisema ukweli tutapandishwa karandinga."

"Mliambiwa na nani?" Kasmir aliuliza kwa upole.

Shomari akamtazama Rajabu. Rajabu alikuwa anatafuna kijiti. Akawageukia wenzake. "Semeni, jamani. Sadalla, sema."

Sadalla alikuwa anaitazama sakafu, mahali ambapo saruji ilikuwa na ufa mdogo, kana kwamba ameajiriwa kuulinda ule ufa.

"Mzee," alisema afisa, "uliulizwa na daktari goti linauma, ukasema haliumi. Leo linauma. Sasa kesho tuandike lipi?"

Walicheka tena, na safari hii walicheka wale wenye magoti mabovu kuliko wengine wote, maana ndio waliokuwa na hofu zaidi.

"Kama hakuna swali," alisema Kasmir, "Uhuru!"

"Na kazi!"

Asubuhi iliyofuata Rajabu alitaja kila jina. Mmoja mmoja waliinuka bila kushika chini, wakampita Shomari ukutani bila kumtazama, Sadalla akiwa wa mwisho. Shomari alibaki peke yake amechuchumaa kwenye mstari usiokuwa na watu.

Rajabu alinyoosha mkono. "Kitambulisho."

"Rajabu, mimi na wewe tumetoka Kilwa pamoja."

"Ndiyo maana nakiomba kwa adabu."

Akampa. Alikuwa bado hajapata njia ya kuinuka pale gari la shirika lilipokuja mlangoni, dereva akafungua buti na kupakia masanduku. Ndugu Kasmir alikuwa anakwenda uwanja wa ndege. Alishuka ngazi za ofisi ubavu ubavu kama kaa, akafika chini uso umeloa, akatazama huku na huku apate wa kumshika. Makuli wote walikuwa ndani, magunia mgongoni.

"Wewe mzee! Umekaa tu? Njoo nipe bega."

Shomari aliusugua mgongo ukutani mpaka akasimama. Akaenda. Wangesema alikuwa mjinga, lakini mtu aliyezoea kuitwa huitika kabla hajafikiri. Mkono mzito wenye harufu ya manukato ulimwangukia begani, na uzito ule wote ukashuka moja kwa moja mpaka kwenye goti la kulia. Wakaenda hivyo kuelekea kwenye gari, chechemea kwa chechemea, watu wawili wa maradhi mamoja.

"Pole pole," aliguna Kasmir. "Aa! Mzee, usiombe kitu hiki kikukute. Hujui maumivu yake."

"Sijui, Ndugu Meneja," alisema Shomari.

Alimwingiza mguu garini, akaukunja kwa uangalifu usije ukagonga mlango, akafunga. Gari likaondoka. Akatema mate mahali tairi lilipokuwa, na mate yenyewe yalikuwa machungu.

Mboni alikuwa nje ya geti. Alikuwa amemwona alivyotoka nyumbani, akaacha vitumbua kwa jirani, akamfuata na mchi wake begani kama askari. Alimpa ule mchi, naye Shomari akaupokea, akauegemea mbele ya geti, mbele ya mlinzi, mbele ya kila mtu.

"Wamekichukua?" Mboni aliuliza walipokwisha kufika mbali kidogo.

"Wamekichukua."

"Basi tupite njia za nyuma. Mtaa wa Msimbazi leo wako askari."

"Siwezi kuzunguka, Mama Sophia. Goti halijui njia za nyuma."

Karandinga lilikuwa limeegeshwa pale hasa walipopaogopa, karibu na maduka ya kanga. Ndani walikuwamo vijana, nyuso kwenye nondo, mmoja bado ana kikapu cha ndizi. Askari mmoja akamnyooshea Shomari kidole.

"Kitambulisho?"

"Sina."

"Kazi?"

"Sina. Tangu asubuhi."

"Panda."

"Baba!" Mboni alimshika askari mkono. "Huyu ni mume wangu, tunakaa Mkunguni, mwulize balozi wetu wa nyumba kumi—"

"Mama, ondoka au na wewe utapanda."

Shomari hakubishana. Jambo alilolikimbia kwa kuinuka katikati ya kile chumba, kwa kumwambia uongo yule binti, lilikuwa limefika, basi. Alikwenda nyuma ya gari. Kidaraja cha kupandia kilikuwa juu, usawa wa paja. Akainua mguu, haukufika. Akainua mwingine. Askari akamsukuma mgongoni, mchi ukateleza, na Shomari akaanguka kifudifudi kwenye vumbi la Msimbazi.

Sajini aliyekuwa mbele alishuka. "Vipi huyu, amelewa?"

"Hapandi, afande."

"Wewe mzee, mguu una nini?"

"Magoti."

"Lipi?"

"Yote mawili."

Sajini aliinama, akampandisha suruali kwa ncha ya kirungu. Akalitazama lile boga linalong'aa, na lile lingine lililopinda. Akasonya.

"Nani kakwambia uzoe watu wa namna hii?" alimfokea askari wake. "Shamba wanataka watu wa kulima! Wagonjwa tukipeleka wanaturudishia, na mafuta ya gari hakuna. Tangu mwanzo tumeambiwa, vilema na wagonjwa waacheni. Mwache aende zake."

Mlango wa chuma ukafungwa. Kijana mwenye kikapu cha ndizi, mwenye magoti mazima kama chuma cha reli, alimtazama Shomari kutoka juu kwa wivu mtupu. "Mzee una bahati," alisema. Gari likaondoka naye.

Watu walikuwa wamekwisha kujaa. Kariakoo haikosi watazamaji. Mtu akianguka, muuza kahawa naye anaacha birika. Shomari alikuwa bado chini, ulimi una vumbi, kichwani mwake maneno ya sajini yanazunguka. Tangu mwanzo. Wagonjwa waacheni. Ingetosha kuchechemea. Neno moja tu kwa binti aliyepiga goti mbele yake, na gunia lingekuwa hamsini, na Sadalla angekuwa anashona magunia kwenye kivuli.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?" Mboni aliinama juu yake, lakini na yeye magoti yake hayakumruhusu kufika chini. Akasimama pale na mkono ulionyooshwa, haumfikii. "Baba Sophia, wanakutazama. Weka mkono chini uinuke. Weka tu."

Akaweka kiganja kimoja kwenye vumbi, akaweka cha pili, akageuka miguu minne katikati ya Mtaa wa Msimbazi, akatanguliza makalio juu, na akainuka polepole, bila aibu yoyote, mbele ya watu wote.